Mpako wa pistoni na beringi ukigoma: dalili, chanzo na cha kufanya

Lawama ya kwanza huenda kwenye kopo la mpako. Mpako umebanduka, basi "dawa ni feki". Krankishafti, ule mhimili mkuu wa injini, imekuwa nzito, basi "dawa ni nzito". Mara chache huwa kweli. Katika kazi hizi, kosa linapoonekana kwenye bunduki ya kupulizia huwa tayari lina umri wa siku nzima: lilizaliwa kwenye beseni la kuoshea, au kwenye maikrometa ambayo haikutolewa ndani ya kiboksi chake. Ndiyo maana chini ya karibu kila dalili nimeanza na maji, kitambaa na vipimo, kabla ya kukutuma ukanunue kopo jingine.

Vipimo vya kuwa navyo kichwani

Sketi ya pistoni, yaani ubavu wake wa chini ya ringi, hupakwa mpako mkavu wa kulainisha: unga wa molibdeni disulfidi, grafaiti au PTFE (plastiki yenye utelezi), mara nyingi kwa mchanganyiko, ulioshikiliwa na rezini, ambayo ndiyo gundi yake. Molibdeni disulfidi imejipanga kwa matabaka yanayotelezeana kama karata, na utelezi wake unatoka hapo. Ukishakauka, mpako wa sketi huwa na unene wa mikroni 10 hadi 25 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Beringi za nusu duara, za krankishafti na za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankishafti), hupewa mwembamba zaidi, mikroni 5 hadi 10. Kichwa cha pistoni, pale moto unapowakia, hupakwa kitu kingine kabisa: seramiki ya kuzuia joto, mikroni 25 hadi 50. Unywele mmoja una mikroni kama 70, kwa hiyo kosa la "kidogo tu" hapa ni kubwa.

Karatasi ya maelekezo iliyokuja na kopo ikisema tofauti na mimi, ifuate hiyo.

Dalili: mpako unabanduka

Kabla ya kutafuta chanzo, angalia unavyobanduka. Ukitoka vipande vipande kama ngozi na chuma cha chini kikabaki kisafi, haukushika. Ukitoka kama vumbi jeusi ukiusugua kwa kidole, haukuiva. Ruka hadi sehemu ya kuiva. Ukitoka kwa mistari iliyonyooka, kuna kitu kimeukwaruza, na hilo ni tatizo la injini.

Kwa ule usioshika, mtuhumiwa namba moja ni mafuta. Jaribio lake halihitaji kifaa. Baada ya kuosha na kusuuza, mwagia sketi maji safi na uiinamishe. Maji yakitandaa kama kioo kimoja yakabaki hivyo kwa nusu dakika hivi, pako safi. Yakijikusanya matone, au yakikimbia sehemu fulani na kuacha kisiwa kikavu, hapo pana mafuta, hata kama jicho halioni kitu. Rudia kuosha. Kuanzia hapo usiishike kwa mkono mtupu. Vaa glavu zisizo na unga, na usifutie kitambaa kilichofuliwa kwa dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa ile dawa yenyewe ni aina ya mafuta na inabaki kwenye chuma.

"Fundi, nimeiosha mara tatu," kijana mmoja aliniambia, na alikuwa anasema kweli. Pistoni ilikuwa ya zamani, imefanya kazi miaka mingi. Tuliirudisha kwenye oveni ikiwa haijapakwa kitu, kwenye joto lile lile la kuokea mpako. Baada ya dakika ishirini hivi ilianza kutoka jasho. Matone ya kahawia yalijitokeza kuzunguka tundu la pini inayoshika konrodi na kwenye vitundu vya kurudishia oili nyuma ya mfereji wa ringi ya chini. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakitoka chini ya mpako kila alipouoka. Kwa pistoni iliyokwisha kutumika, kuioka tupu, kuiosha tena na kurudia mpaka isitoe jasho ni sehemu ya kazi, wala haina njia ya mkato.

Chanzo cha pili ni uso kuwa laini mno. Aluminiamu inayong'aa haina pa kushikia. Sketi hupulizwa chembe za oksidi ya aluminiamu, namba 100 hadi 120, kwa presha ya wastani, mpaka iwe na rangi moja ya kijivu isiyong'aa. Shanga za kioo hazifai kwa kazi hii, kwani badala ya kukwaruza zinagonga na kulainisha. Pistoni inapendeza macho na mpako hauna pa kung'ang'ania. Chembe zilizokwisha kusafishia vyuma vyenye grisi nazo zinahamisha grisi hiyo kwenye pistoni yako. Tenga mfuko wa chembe safi kwa ajili ya mpako tu.

Onyo hapa: usipulize mchanga wa kawaida hata kama ndio ulio karibu. Vumbi lake la silika linaharibu mapafu moja kwa moja, na kitambaa ulichofunga puani hakilizuii.

Cha tatu ni hewa ya kompresa. Funga koki ya dawa, elekeza mdomo wa bunduki kwenye karatasi nyeupe, pitisha hewa tupu kwa dakika moja. Ukiona madoa ya mafuta au unyevu, mwaga maji ya tangi, badilisha filta ya hewa, kisha urudie jaribio.

Cha nne ni kuchelewa. Aluminiamu iliyotoka kupulizwa chembe huanza papo hapo kujifunika upya kwa oksidi, na inanyonya unyevu na uchafu wa hewa. Ukimaliza kupuliza, osha, kausha, paka siku hiyo hiyo. Pistoni iliyolala usiku mmoja mezani inarudishwa mwanzo.

Mara chache kabisa sababu huwa mpako wa kiwandani uliobaki chini. Pistoni nyingi za kisasa hutoka kiwandani na mpako wa sketi uliochapwa kama muhuri, na mpya hauna hakika ya kushikana nao.

Usitie viraka. Sehemu moja ikibanduka, iliyo kando yake imeoshwa kwa maji yale yale na mikono ile ile. Ondoa mpako wote wa sketi, pima tena kwa maikrometa, anza upya.

Dalili: beringi imebadilika rangi au imeliwa kabla hata ya kupakwa

Hili nimelitenga kwa sababu watu wanaichukulia beringi kama pistoni ndogo. Beringi ya metali tatu ina bamba la chuma nyuma, tabaka la shaba katikati, na juu utando laini wa risasi na bati ambao kwa kawaida hauzidi mikroni 25. Utando huo ndio unaomeza vijiuchafu vidogo visikwaruze krankishafti. Ukiupuliza kwa presha uliyotumia kwenye pistoni, unauondoa kwa sekunde chache.

Angalia chini ya mwanga mzuri. Kijivu kilichosawazika ni sawa. Ukiona wekundu wa shaba unachungulia, hata doa dogo, beringi hiyo haina utando tena na mpako hautaurudisha. Itupe pamoja na mwenzake wa jozi.

Maandalizi ya beringi ni madogo kuliko watu wanavyodhani: kuosha, jaribio la maji, na kukwaruza kidogo sana kwa njia inayotajwa kwenye karatasi ya mpako. Kama karatasi haitaji kupuliza chembe kwenye beringi, usipulize. Na kwa kuwa utando una risasi, usiusugue kwa msasa mkavu. Vumbi la risasi linaingia mwilini kwa pumzi na kwa vidole unavyolia chakula.

Uso wa ndani tu ndio unaopakwa. Mgongo wa beringi lazima ubaki chuma kitupu, kwa sababu unapitishia joto kwenye kizimba (tundu ambamo beringi inakaa) na unashikilia beringi isizunguke. Ncha zake mbili nazo zibaki tupu. Beringi hutengenezwa ikiwa imezidi kizimba kidogo sana ili ikikazwa ijibane; mpako kwenye ncha unaongeza mbano huo na kuipinda. Tundu la oili lizibwe kabla ya kupaka na lizibuliwe kabla ya kuoka. Plagi ikisahaulika ndani ya oveni inayeyukia pale pale.

Dalili: krankishafti ni nzito kuzunguka baada ya kufunga

Anza na mambo ya aibu. Kofia za beringi, vile vifuniko vinavyokazwa kwa bolti juu yake, zimerudi kila moja mahali pake, na upande wake? Bolti zimekazwa kwa torki na kwa hatua, au mkono ndio ulioamua? Chini ya beringi kuna uzi wa kitambaa au punje ya uchafu? Legeza kofia moja, zungusha, ikaze, nenda inayofuata. Ikilainika ulipolegeza ya tatu, basi kagua ya tatu, na usivunje kazi yote.

Kama hayo yako sawa, fanya hesabu. Kanuni ya zamani ya mafundi inatoa uwazi wa oili wa sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo ya krankishafti, yaani pale inapozungukia ndani ya beringi. Shingo ya milimita 50 basi inahitaji uwazi wa karibu milimita 0.05, yaani mikroni 50. Mpako wa mikroni 8 kwenye kila nusu unakula 16, zinabaki 34. Baadhi ya injini zinakubali, nyingine haziwezi, na ni kitabu cha injini hiyo kitakachokuambia. Sasa chukua mtu aliyepaka makoti mawili mazito kwa mikroni 20 kila nusu: 40 zimekwenda, zimebaki 10. Oili haina pa kupita. Injini hiyo itazunguka kwa mkono kwa shida, na ikiwashwa itakufa haraka.

Pima kwa uzi wa plastiki wa kupimia uwazi. Weka kipande juu ya shingo kavu, kaza kofia kwa torki kamili, usizungushe krankishafti hata kidogo, fungua, linganisha upana wa uzi uliobanwa na kipimo kilichochapwa kwenye pakiti yake. Pima kila shingo. Shingo moja ikisoma tofauti na nyingine zote, chanzo kiko kwenye shingo hiyo au kizimba chake, na mpako hauhusiki.

Mpako uliozidi kwa mikroni chache tu, aina nyingi zinaruhusu kupunguzwa kwa kusugua taratibu na sponji laini ya nailoni isiyo na chembe za kukata. Msasa hapana. Chembe zake zinajipachika kwenye beringi laini na kuigeuza kuwa jiwe la kunolea.

Acha hapa kama uwazi uko sawa kwenye shingo zote na bado krankishafti inakaza. Hapo kuna uwezekano vizimba vya bloku havimo kwenye mstari mmoja, au krankishafti imepinda. Vifaa vya kupima hilo viko kwa fundi mchongaji wa injini. Usijaribu kuilegeza kwa stata.

Dalili: pistoni inabana kwenye silinda, au kinyume chake inagonga ikiwa baridi

Kubana mara nyingi ni hesabu iliyosahaulika. Mikroni 15 upande mmoja ni 30 kwa kipenyo kizima. Aliyechonga silinda kwa kipimo cha pistoni tupu, halafu akapaka, amejinyang'anya nafasi mwenyewe. Pima pistoni kabla na baada ya mpako, mahali pamoja. Pistoni si duara kamili wala haijanyooka. Ina umbo la yai kidogo na imevimba kidogo, hivyo kipimo kinachukuliwa nyuzi 90 kutoka kwenye pini, kwa urefu uliotajwa na mtengenezaji wake. Ukipima juu ya pini utapata namba nzuri isiyo na maana yoyote.

Kabla ya kulaumu unene, chunguza kama mpako umeingia mahali usipotakiwa: mifereji ya ringi na tundu la pini. Ringi inatakiwa izunguke kwenye mfereji wake kwa kusukumwa na kidole. Pini inatakiwa iteleze kwa oili kama ilivyokuwa.

Kugonga ikiwa baridi kuna jibu lisilopendwa. Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni kama mpako unaweza kujaza silinda iliyoliwa ili kuepuka kuchonga. Hauwezi. Ni utando wa kulainisha, na ukiuweka mnene ili ujaze, unakwanguka mpaka urudi kwenye unene wake wa kawaida, na ulichokwangua kinaogelea kwenye oili. Silinda iliyoliwa au iliyokuwa yai ichongwe.

Dalili: uso una vishimo, michirizi au ukavu wa vumbi

Hizi ni za bunduki, na mpaka rangi yeyote anazijua.

Vishimo vya duara, macho ya samaki: mafuta au silikoni. Dawa ya kung'arishia dashibodi iliyopulizwa kwenye chumba kile kile inatosha. Michirizi: karibu mno, taratibu mno, au tinna imezidi. Uso mkavu unaokwaruza kama msasa: mbali mno, presha kubwa mno, au pistoni ilikuwa ya moto mno, hivyo dawa imekauka angani kabla ya kutua. Kuipasha pistoni joto kidogo, iwe vuguvugu mkononi, kunasaidia dawa itulie isitiririke. Zaidi ya hapo kunaharibu.

Mpako ambao bado ni mbichi unaoshwa kwa tinna yake na kupakwa tena. Hii ndiyo nafuu pekee unayopewa katika kazi nzima, itumie. Uliokwisha kuokwa haukupi tena.

Dalili: malengelenge baada ya oveni

Tinna imenaswa ndani. Koti zito lilikauka juu kwanza likafunga mlango, kisha joto likaigeuza tinna iliyobaki kuwa mvuke. Paka makoti mepesi, ulipe kila koti muda wake wa kupumua, na uingize pistoni kwenye oveni ambayo bado haijapata moto, joto lipande taratibu. Kama malengelenge yako sehemu moja tu, karibu na vitundu vya oili, rudi kwenye jasho la pistoni nililolieleza juu.

Oveni yenyewe: tinna ikitoka ndani ya sanduku lililofungwa lenye waya mwekundu wa moto, unatengeneza mlipuko. Acha sehemu zipumue nje kabisa kwanza, na oka mahali penye hewa inayopita. Oveni iliyookea mpako haipikiwi tena chakula, hata ikisafishwa vipi. Mpako wenye PTFE ukiunguzwa kupita kiasi unatoa moshi wa sumu unaoleta homa na kubana kifua. Na usisafishe kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukaingiza chuma kwenye moto. Mabaki yake yakikutana na joto kali yanaweza kutoa gesi mbaya zaidi ya hiyo.

Dalili: mpako ni laini, unafutika

Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe tinna iliyotajwa kwenye karatasi, sugua mara kumi pasipo na kazi. Alama hafifu ya kijivu inavumilika. Kitambaa kikitoka cheusi na chuma kikaonekana, haukuiva.

Sababu ya kawaida ni kusoma joto la hewa badala ya joto la chuma. Mipako mingi ya kuoka inataka kati ya nyuzi 150 na 190 za Selsiasi kwa karibu saa moja, lakini saa hiyo inahesabiwa tangu pistoni yenyewe ifike hapo. Pistoni nene ya dizeli iliyoingia baridi inaweza kuchelewa sana nyuma ya kipimajoto cha mlangoni. Weka kihisi joto kikigusa chuma, ndani ya tundu la pini.

Ya pili ni kopo ambalo halikutikiswa. Molibdeni disulfidi ina uzito wa karibu mara tano ya maji, hivyo inazama na kulala chini kama matope. Ukimimina bila kukoroga, pistoni za mwanzo zinapata rezini yenye rangi kidogo, na za mwisho zinapata unga usio na gundi. Koroga kwa kijiti mpaka kisitoke na bonge, chuja, na endelea kutikisa bunduki kila baada ya pistoni moja. Kopo lililopitwa na tarehe, au lililokaa wazi, ni la mwisho kushukiwa.

Usitibu kwa kuongeza moto ovyo. Aloi za pistoni zimetiwa ugumu kiwandani kwa joto, na zikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 200 hivi zinaanza kuupoteza. Kwa beringi ni hatari zaidi: mchanganyiko wa risasi na bati unaweza kuanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Beringi ikitoka kwenye oveni na vijitone vya fedha usoni, haifai tena kwa injini.

Dalili zinazoonekana injini ikifunguliwa baada ya kutumika

Hapa mpako ni shahidi, na ushahidi wake ni mzuri kuliko wa chuma kitupu kwa sababu unachorwa mapema.

Sketi iliyong'arishwa sawasawa katikati ya pande zake mbili za msukumo ni kawaida, iache. Ikiliwa kwa mshazari, juu upande mmoja na chini upande wa pili, konrodi imepinda. Ikichubuka sehemu nne kuzunguka tundu la pini, pistoni ilipata joto kupita kiasi au pini inabana. Mistari ya wima kuzunguka sketi nzima inaelekeza kwenye petroli au dizeli inayoosha oili ukutani, hivyo chunguza injekta au kabureta kabla ya kupaka upya.

Beringi iliyoliwa ukingo mmoja inasema shingo au konrodi haijanyooka. Zote zikiwa zimeliwa katikati na kuwa nyeusi, oili haikufika: kagua pampu, kichujio cha sampu (bakuli la oili chini ya injini) na presha. Mpako unaweza kuiokoa beringi kwa sekunde chache za ukame, mwanzo wa kuwasha kwa mfano. Haubadili pampu mbovu.

Beringi yenye vipunje vinavyometameta vilivyozama usoni ndiyo inayonikumbusha injini yangu ya kwanza. Nilipaka vizuri sana, nikajisifu. Sikuwa nimeziba mifereji ya ringi wakati wa kupuliza chembe, na nilisafisha kwa hewa tu. Oksidi ya aluminiamu ilibaki kwenye vitundu vya oili, ikashuka taratibu, ikazunguka na oili. Nilipofungua, ukipitisha ukucha juu ya shingo za krankishafti ulikuwa unaruka kama kwenye uzi wa skrubu. Tangu hapo kila kilichopulizwa chembe kinasuguliwa kwa maji ya moto, sabuni na brashi ndogo inayoingia kila tundu, kisha kitambaa cheupe kinapitishwa, na kikitoka na kijivu tunarudia.

Vipande vyeusi kwenye filta ya oili: kata filta, vitandaze juu ya karatasi, ponda kimoja kwa kidole. Kikijipaka kwa utelezi wa kijivu kama risasi ya penseli, ni mpako. Kikikwaruza, ni kaboni. Vichache katika oili ya kwanza baada ya ovahoo si msiba. Vikiendelea kwenye oili ya pili, mpako unabanduka na lazima ufungue. Sumaku haitakusaidia kutofautisha, kwa maana haivuti mpako, wala aluminiamu, wala shaba.

Seramiki ya kichwa cha pistoni ikipukutika ukingoni, angalia aluminiamu iliyo chini. Ikiwa na vidoa kama imenyunyiziwa mchanga, injini inagonga kwa kuwaka vibaya. Rekebisha taiming na mafuta kwanza, la sivyo mpako mpya utaondoka vile vile. Ikiwa chini ni pasafi, mpako ulikuwa mnene au kona zilikuwa kali bila kuviringwa. Vyovyote vile, seramiki iliyopukutika inakata kama chembe za msasa, kwa hiyo kagua ringi na ukuta wa silinda.

Zima injini, mwite fundi mchongaji

Presha ya oili ikishuka chini ya kipimo cha injini ikiwa ya moto. Mlio mzito wa chini unaofuata mzunguko. Vipande vya rangi ya shaba au vya fedha kwenye filta. Ufa wowote kwenye pistoni, hasa kuzunguka tundu la pini au kwenye mfereji wa ringi. Mpako unauficha, kwa hiyo ufa hutafutwa kabla ya kupaka. Beringi iliyozunguka ndani ya kizimba chake.

Ukienda kwake usiende na pistoni moja mkononi. Peleka beringi zote zikiwa zimeandikwa namba na upande kwa nyuma, konrodi na kofia zake bila kuchanganya, na karatasi yenye vipimo vyako vya kabla na baada ya mpako. Usizifute oili. Uchafu uliobaki usoni ndio atakaotaka kuuona kwanza.